Kinu Kimoja, Michi Miwili

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka gani maana hata bibi yangu hakuwapo, wanyama walikuwa na nyumba, na majiko, na midomo ya kusemana kama sisi. Na ukitaka unga wa mtama, ule laini wa kuteleza vidoleni, ulikwenda uwanja mmoja tu, uwanja wa Bi Kiboko na Bi Nyati.

Hao wawili walitwanga kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Huyu akipandisha, yule anashusha. Du! Di! Du! Di! Pembeni, juu ya jamvi, alikaa Pimbi na ungo wake. Pimbi alikuwa mdogo, mchi hawezi hata kuuinua, lakini kwa kupepeta hakuwa na mpinzani.

Kutwanga namna ile kuna wimbo, wanangu. Bila wimbo michi inagongana.

"Twanga, nipokee!" Bi Kiboko aliimba.

"Nakupokea!"

"Nisishuke peke yangu!"

"Hushuki peke yako!"

Pimbi akiusikia wimbo huo, alisahau kwamba kwao mwambani hakubaki mtu. Alijiona ana dada wawili, tena wakubwa kama nyumba.

Siku moja, wateja wamejaa na vikapu vyao, Bi Nyati alichelewa kuitikia. Kra! Michi ikagongana, na mchi wa Bi Kiboko ukaingia ufa.

"Umelala, mvivu wee?" Bi Kiboko alifoka, wateja wote wanasikia.

"Mvivu nani? Mimi?"

Bi Nyati akasusa. Akaleta kinu chake, akakiweka upande wa pili wa uwanja, akampa mwenzake mgongo. Bi Kiboko naye akampa wake, na mnajua mgongo wa kiboko ulivyo. Salamu ikafa siku hiyo hiyo.

Kuanzia hapo, kazi ya Pimbi ikawa kukimbia huku na huku.

"Pimbi, mwambie huyo asogeze kinu, ananitimulia vumbi!"

"Da Nyati, Da Kiboko anaomba usogeze kinu."

"Mwambie vumbi ni la Mungu!"

"Da Kiboko, anasema..."

"Nimesikia! Mwambie sijasikia!"

Haya, na miguu yake ile mifupi!

Mwezi ukapita. Mtwangaji mmoja akichoka, hana wa kumpokea, kwa hiyo unga ukawa chenga tupu. Mama Ngiri alirudisha beseni lake akilia kwa hasira. "Unga gani huu? Wanangu wametafuna kokoto!" Wateja wakaanza kupungua.

Lakini kilichomuuma Pimbi si unga, ni wimbo. Alikaa na ungo mapajani, akaimba chini chini, "Nipokee," halafu akangoja. Wapi! Hakuna aliyeitikia. Alitamani hata watukanane, mradi wasemeshane wenyewe.

Ndipo Bi Kiboko akamwita. "Mdogo wangu, mavuno yakiisha nahamia mto wa chini. Mwambie huyo abaki na uwanja wake."

Pimbi hakwenda kumwambia mtu. Alikwenda nyuma ya ghala, akalia mpaka akapata kwikwi. Kiboko akiondoka, uwanja umekufa, na yeye atarudi mwambani kusikiliza upepo. Alipomaliza kulia akajifuta kwa mkia. Ah, kumbe pimbi hana mkia! Akajifuta kwa ungo, basi, akabaki na pumba usoni. Na hapo ndipo akili ilipomjia.

Kesho yake asubuhi alimwendea Bi Nyati, uso umemwanguka.

"Da Nyati, mwenzako yamemfika. Maji yamemwingia masikioni kule mtoni, hasikii hata radi! Lakini usimwonyeshe kwamba unajua, anaona haya."

"We! Hasikii kabisa?"

"Kabisa."

Akazunguka uwanja, akamfikia Bi Kiboko.

"Da Kiboko, kupe wamemwingia Da Nyati masikioni. Pande zote mbili! Hasikii kitu. Usimwonyeshe kwamba unajua, atalia."

"Usinitanie!"

"Mimi naenda kuteka maji, dada zangu!" Pimbi akapaza sauti. Akapita mlangoni na mtungi, akazunguka, akajibanza nyuma ya ghala.

Bi Nyati alitaka kuhakikisha. Akaangusha mchi nyuma ya mwenzake. Puu! Bi Kiboko aliusikia vizuri sana, lakini ageuke? Thubutu! Tangu lini anamgeukia yule?

"Maskini," Bi Nyati alisema. "Kweli hasikii."

Bi Kiboko naye akapiga chafya. Chyaa! Kuku walikimbia. Bi Nyati, kwa kiburi, hata sikio halikutikisika.

"Masikini ya Mungu," Bi Kiboko alinong'ona. "Amekwisha."

Akaanza kutwanga, na kwa kuwa mwenzake ni kiziwi, akafungua mdomo.

"Wewe una roho mbaya, wewe! Mchi ule alinichongea mama kabla hajafa. Ukaupasua, hata pole hukunipa! Pole tu, shoga yangu, ingekugharimu nini?"

Nyuma yake, Bi Nyati alisimama na mchi hewani. Mama yake? Hakujua. Miaka yote ile hakujua! Akaona, hata nikijibu, hasikii huyu.

"Sikukupa pole kwa sababu uliniita mvivu mbele za watu," alisema. "Ndama wangu alikuwa na homa siku tatu. Sikuwa nimefumba jicho. Nilikuja kazini kwa ajili yako, usitwange peke yako, nawe ukanitukana."

Bi Kiboko akaacha kutwanga. Machozi yakamtiririka.

"Mbona hukuniambia kama mtoto anaumwa? Ningekuja kumshika. Nimekukosa, mwenzangu. Mto wa chini sina hata hamu nao, nitaimba na nani huko?"

"Usiende basi," Bi Nyati akasema.

"Siendi."

Wakageuka wote wawili, taratibu.

"We! Si una kupe masikioni?"

"Kupe gani? Si wewe una maji?"

Wakatazamana. Halafu, kwa sauti moja, kwa mara ya kwanza tangu ule mchi upasuke, wakapiga ukelele:

"PIMBIII!"

Mtungi ukaanguka, chwaa! Pimbi akatoka, pumba za jana bado ziko usoni.

"Umetudanganya!" Bi Kiboko alinguruma.

"Nimewadanganya, dada zangu. Nipigeni, lakini niimbieni kwanza."

Midomo ikawacheza. Bi Nyati ndiye aliyeanza kucheka, hoo hoo hoo, mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akakata ukanda wa ngozi, akaufunga ule mchi wa marehemu mama pale penye ufa, akaukaza kwa meno. Akampa mwenyewe kwa mikono miwili.

"Pole, shoga."

"Nami unisamehe lile neno."

Wakasimama kwenye kinu kimoja. Mlio haukuwa ule wa zamani, maana mchi uliofungwa unakwaruza kidogo. Du! Dikra! Du! Dikra! Pimbi alisikiliza akiwa amefumba macho, na ule wa zamani hakuutamani tena.

"Nisishuke peke yangu!"

"Hushuki peke yako!"

Hadithi yangu nimeitwanga, pumba zake pepeteni wenyewe. Ila hili mlishike, wanangu: mkigombana kazini, kilichokuuma mwambie mwenzako mwenyewe, usingoje mpaka udanganywe kwamba ni kiziwi.