Farasi wa Bure wa Mwalimu Nandonde

Isome hadi mwisho, kisha mtumie yule rafiki yako mchoyo wa maarifa. Mwenyewe atajijua.

Mwalimu Nandonde aliwafundisha sataranji wanafunzi, walimu wenzake, hata Bi Somoe, mpishi wa uji wa shule. Aliwafundisha kila kitu, isipokuwa namna moja ya kuanza mchezo.

Aliiita Farasi wa Bure. Hatua ya nne unamwacha farasi wako aliwe. Mpinzani akimla tu, malkia wako anapita, na mfalme wake hana pa kukimbilia.

"Hii ni ya fainali," alijisemea. Basi kila mwaka akatolewa nusu fainali ya mashindano ya shule, siri yake ikiwa bado mfukoni! Na sasa ulikuwa mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Kombe alilitaka, jamani, alilitaka mno.

Mwaka huo akafika fainali. Mpinzani? Bi Somoe! Ukumbi mzima ukacheka.

"Mama, uji umemwachia nani?" Mwalimu akamtania.

"Umeshaiva, baba. Kaa tucheze."

Hatua ya nne Mwalimu akamwacha farasi, akashika kichwa kama aliyekosea. Bi Somoe hakumgusa. Akasogeza askari mdogo wa pembeni, hatua moja tu.

Mwalimu akatokwa na jasho. Mtego wote ulikuwa umekufa, na haukupita muda naye akafungwa.

"Nani kakufundisha dawa yake? Miaka tisa sijamwonyesha mtu!"

"Mwalimu, dirisha lako linatazamana na jiko langu. Kila siku saa nne unacheza peke yako, mweupe wewe, mweusi wewe. Na mweusi kila siku anamla yule farasi. Nami nakoroga uji huku nasema, maskini, si asogeze tu kiaskari?"

 Mwalimu akaangua kicheko mpaka machozi.

"Kumbe miaka tisa nacheza na Nandonde, na Nandonde kila siku anakubali kufungwa!"

Akamkabidhi kombe kwa mikono yake. Jumatatu akachora Farasi wa Bure ubaoni, darasa zima lione. Kabla ya saa ya uji watoto walikuwa wameshagundua makosa mengine mawili, na Mwalimu akaenda kunywa uji akiwa na furaha kuliko mwenye kombe.

Funzo: Ujuzi unaouficha hukosa wa kuukosoa. Utoe ungali mbichi, wenzako wakusaidie kuuivisha.