Magoti ya Bwana Harusi

Ajitazamaye majini huota mizizi.

Kwa methali, mji huu hakuna wa kunishinda. Nilisoma hadi darasa la nne, ingawa la tatu nililipenda mno nikalirudia. Basi kaeni vizuri, nyie mlioniuliza. Methali hii chimbuko lake ni hili.

Mwanaesha binti Athmani alikuwa aolewe Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Mchumba wake, Shekuwe, alikuwa mzuri hasa, na hakuna aliyelijua hilo kumzidi yeye mwenyewe. Alasiri ikapita. Kadhi akapiga miayo, wageni wakaanza kunong'ona, kahawa ikapoa. Nyuma ya pazia Mwanaesha alikaa katikati ya wanawake, hina mikononi. Asipokuja, aibu ni yake. Akija, ndiye wa kuishi naye.

Jua likielekea kuzama, Shekuwe akaingia, kilemba kimemkaa utadhani kazaliwa nacho. Watu wakashusha pumzi. Kilichobaki ni baba kwenda penye pazia kumuuliza binti. Bikira akinyamaza, ndiyo amekubali.

Lakini nyanya yake, Bi Mwanaidi, alikuwa ameshachungulia. Akainuka, akaitoa kidakani, ukutani, sahani kongwe iliyotoka ng'ambo, akamwekea mjukuu mapajani. Ilichorwa kijana ameinamia maji.

"Huyu ni Myunani," akanong'ona. "Aliiona sura yake majini, akaipenda, asiondoke tena. Tazama miguu, imekuwa mizizi. Kichwa nacho kimekuwa ua. Ajitazamaye majini huota mizizi, mjukuu wangu. Haya, mtazame na wako, magotini."

Mwanaesha akachungulia. Kanzu ya Shekuwe, nyeupe pe pe pe, magotini ilikuwa kijani kwa ukoga, ule unaoota ukingoni mwa birika la msikiti.

Baba akafika penye pazia. "Mwanangu, nikuoze Shekuwe? Umeridhia?"

Wanawake wakazuia pumzi, wakingoja kile kimya.

"Kwanza nimuulize, baba. Shekuwe, ulikuwa wapi?"

Ukumbi mzima ukashtuka. Bi harusi kusema!

"Kwa shangazi yangu, Bi Zaituni," akajibu Shekuwe, sauti haikutetereka. "Kazidiwa, maskini. Nimepiga magoti kando ya kitanda chake namnywesha uji, hadi sasa hivi."

Nyuma ya pazia chetezo cha udi kikawekwa chini, ko.

"Uji upi, we Shekuwe?" ikatoka sauti ya mama mtu mzima. "Mimi niko hapa tangu asubuhi nafukiza nguo za mkeo mtarajiwa. Na lini sakafu yangu ikaota ukoga?"

Shekuwe akateremsha macho. Maji yalikuwa yamemwonyesha uso, magoti hayakumwonyesha.

"Baba," akasema Mwanaesha, "sikuridhia."

Ajitazamaye majini huota mizizi.