Dakika Saba za Diski ya Mzee Makame

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana kompyuta zilikwisha ingia majumbani, palikuwa na mjane huko Wete, Bi Mwatumu. Mumewe, marehemu Mzee Makame, alimwachia wana watatu na sauti. Sauti ya kumwombea dua mkewe, dakika nne tu, imo ndani ya diski, kile kijisanduku cha chuma kinachotunza mambo ya kompyuta. Nakala haikuwapo. Kila Ijumaa baada ya sala Bi Mwatumu huketi mkekani akaisikiliza.

Siku moja Shamte, mwanawe wa kwanza, akaiangusha kompyuta, nduguze wakaona. Diski ikaanza kulia: ta! ta! ta! Akaisikia peke yake, asimwambie mtu. Wiki nzima akanyamaza.

Alhamisi kompyuta ikagoma kabisa. Salha, mtoto wa kati, aliambiwa na watu kuwa diski mbovu ikigandishwa huamka. Akaifunga kwenye nailoni, akaitia friza, ubavuni mwa pweza. Kuirudisha kwenye kompyuta, wallahi ikaamka! Salha akaanza kunakili kwenye simu yake. Akaanza na nini? Picha za harusi yake. Moyoni alisema, "Ya baba inafuata." Haikufuata. Dakika saba, ta! ta! kimya. Tangu hapo Salha hakutulia; hata akisujudu anaziona picha zile.

Haji, kitindamimba, akashika bisibisi.

"Wee Haji, usiifungue!"

"Dada, wewe ushailaza na pweza, niache na mimi."

Akaifungua uani, upepo unavuma, mama nyuma ya ukuta anachekecha unga asijue lolote; vumbi likaiingia. Kuiwasha, ikakwaruza kama kisu juu ya sahani. Ikafa.

Ijumaa ikafika. Mama akaketi. "Haya wanangu, niwekeeni baba yenu."

Walipomwambia imekufa, zikaanza lawama.

"Shamte kaiangusha!"

"Salha kaigandisha!"

"Haji na bisibisi lake!"

Bi Mwatumu akalia. Kisha akajifuta kwa kanga. "Aliyeipoteza atakuja kila Ijumaa, aketi hapa, aniombee dua kwa kinywa chake mpaka nife. Mmoja tu. Zamu sitaki, nawajua, mtasukumiana."

Hapo lawama zikageuka.

Shamte akasema, "Ni mimi, mama. Ningesema siku ile ile, ingenakiliwa nzima."

Haji akasema, "Ni mimi. Ilikuwa mgonjwa tu. Aliyeiua ni mimi."

Salha akahisi simu yenye picha inamchoma mfukoni. Hakuna aliyejua habari ya picha zile ila yeye na Mola wake. Akaitoa, akaiweka mkekani. "Ni mimi, mama. Mungu alinipa dakika saba. Nikamwacha baba, nikachukua sura yangu."

Mama akawatazama mmoja mmoja, akasogea kidogo. Mkekani ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie wote watatu, mama kesha kataa. Je, nani alistahili kuketi pale?