Mbonea na Sungura Asiyetaka Hodi

Nikisema "Kale!" nyinyi mseme "Tupeleke!" Kale! ... Mh, hata mbuzi wangu wana sauti kuliko hizo. Kale! Haya, sasa twendeni.

Zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji mlimani ambako bibi harusi hakupewa jiko lake mpaka sungura wa mama mkwe ale mkononi mwake. Maharage yakivunwa sungura hajala, bibi harusi anarudishwa kwao. Msiniulize sungura alijulia wapi mambo ya ndoa. Wakubwa walikuwa wameshaamua, na wakubwa wakiamua upuuzi huuita mila.

Basi akaolewa Mbonea. Akampenda mumewe, mume akampenda. Na maharage shambani yakaanza kukauka.

Kijiji hicho kilikuwa na sharti jingine: huingii mahali bila kupiga makofi na kuita hodi. Anayeingia kimya ni mchawi. Kwa hiyo kila asubuhi Mbonea alisimama mlangoni pa kibanda cha sungura, matembele kwapani, pa! pa! pa! "Hodiii!" Sungura, puu! nyuma ya mtungi. Kesho tena, pa! pa! pa! "Hodiii!" Puu! nyuma ya mtungi.

"Ongeza sauti," wifi yake Sangiwa akamshauri. "Labda hasikii."

"Kwa masikio yale, wifi?"

Mnacheka. Mbonea hakucheka, alikuwa ameshaanza kukunja nguo zake.

Asubuhi ya mavuno, watu wakijitwika vikapu, akaenda tena kibandani. Akainua mikono apige makofi. Hajapiga bado, akamwona sungura anatetemeka, amevikodolea macho viganja vyake.

"Kumbe ndiyo hii mikono," akanong'ona.

Akaishusha. Akaingia kimya. Akaketi chini, akampa sungura ubavu, akaweka matembele kiganjani na kutazama ukuta. Hakumwita. Mguu ukafa ganzi. Pua ikachungulia nyuma ya mtungi, ikarudi. Ikachungulia, ikarudi. Halafu, wanangu, sharubu zikamtekenya kiganja. Nya, nya, nya.

"Yoo! Mchawi!" Sangiwa akapiga kelele mlangoni. "Mama, njoo! Mkaza mwana wako kaingia bila hodi!"

Sungura akaruka. Lakini hakwenda kwenye mtungi. Alijichimbia ndani ya kaniki ya Mbonea.

Mama mkwe, Nankondo, akaja anahema, kijiji kizima nyuma yake.

"Hukupiga makofi?"

"Sikupiga, Mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Nankondo akaitazama ile pua inayochungulia kwenye kaniki. Akawafungia watu wote nje, wao na vikapu vyao. Akaketi polepole, magoti yakilia.

"Na mimi sikupiga," akasema kwa sauti ndogo. "Nilipoletwa hapa."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Niitwe mchawi uzeeni? Hebu sogea huko, nipe jani."

Mbonea akacheka na kulia kwa pamoja, bega lake kwenye bega la mkwewe. Kisha Nankondo akafungua mlango, kijiji kikamwona sungura anakula mkononi mwa Mbonea, na neno la uchawi likaishia hapo. Jioni ile Mbonea alipewa mafiga yake, akapika, na zile nguo akazikunjua.

Basi, wajukuu zangu: anayekuogopa, tulia, aje mwenyewe. Na ukishajua njia, usiwafiche wanaokufuata.

Kisa nimekitua hapa; mwenye mgongo akibebe.