Nesi Mmoja, Mafiga Matatu

Shikeni majibu yenu mpaka nimalize.

Walikuwapo dada watatu, walioolewa vijiji vitatu kandokando ya msitu mmoja. Mghoi alijaliwa ulimi, Wakesho kumbukumbu, na Mkawasi kifua cha kuzima hasira za watu. Msitu huo zamani ulikuwa mashamba ya baba yao na jirani zake. Serikali kuu iliutwaa, na kwa kuwa ardhi ya serikali hailipiwi kodi, ikaahidi wilaya kifuta jasho kila mwaka. Hicho ndicho kilicholipa manesi. Mwaka mmoja hakikuja, wala uliofuata. Zahanati zote tatu zikafungwa. Wakesho akabaki akimtazama binti yake Samba, mimba imeshuka, siku za kujifungua zimekaribia, na hospitali iko ng'ambo ya mto usio na daraja.

Mghoi akaenda makao makuu ya jimbo. Hakuomba. Aliuliza: msitu ukiwa wa nchi nzima, mbona hasara yake ni ya vijiji vitatu? Wakubwa wakakubali jimbo lizibe pengo la serikali kuu, ila kwanza waonyeshwe kwamba watu waliwahi kuishi mle.

Wakesho akawaingiza maofisa msituni. Kwao, mwanamke anayehama habebi mafiga; huyaacha yalipo, moto wa nyumba usije ukapotea njia. Akafukua majani hapa na pale. Wakayakuta, matatu matatu, bado yana weusi wa moshi.

Siku hiyohiyo vijana waliochoka kungoja walifika na viberiti kuuchoma msitu. Walisema, tukikosa, tukose sote. Mkawasi akaketi katikati ya njia, akanyoosha miguu, akawaambia waanze na yeye, kisha wamtafute mtu wa kulipia majivu. Wakarudi wakinung'unika.

Jimbo likalipa. Kilichofika kilitosha nesi mmoja. Mjumbe wa jimbo aliyemleta akasema nesi aende kwa dada aliyefanya kazi kubwa, akajifungia garini kungoja jibu. Hivyo ndivyo wanavyotufanya: wao wavunje ahadi, sisi tuvunjane.

"Bila mdomo wangu mngekuwa mnapiga miayo," Mghoi alianza. Mumewe ana kifua kikuu.

"Mdomo wako uliazima mawe yangu," Wakesho akajibu.

"Na mawe yako yangekuwa chini ya majivu, dada." Mkawasi ana mjukuu wa kifafa.

Wakesho alijua chungu hakikai juu ya figa moja. Alijua pia kwamba anamtaka nesi huyu, hata dada zake wakose, na akaona aibu.

Mghoi akapoa. "Tumrudishe. Tudai manesi wote watatu."

"Na Samba azalishwe na hotuba?" akauliza Mkawasi.

Honi ikalia. Nesi, sanduku mapajani, aliwatazama kupitia dirisha la gari. Mlangoni kwa mama yake, Samba alishika kiuno, akainama.

Haya, mlioketi. Nesi ashukie kwa nani, au arudi alikotoka? Amueni, lakini msiangalie pembeni, mtazameni Samba.