Dakika Mbili za Giza la Mchana

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali ya juzijuzi tu, kule Makete kwenye baridi na viazi, palikuwa na watu waliopenda kutazama nyota. Wakaunda chama. Walikutana kila Jumamosi nyuma ya duka la mbolea la Mama Chaula, mwenyekiti wao, mwanamke ambaye kicheko chake kilisikika hadi ng'ambo ya bonde.

Chama kilikuwa na darubini moja tu, ya kujitengenezea. Kioo chake alikisugua Tusekile, mwalimu wa chekechea. Alisugua kioo juu ya kioo, kwa unga wa mchanga na maji. Masika ikaja ikaenda, anasugua. Masika ikaja tena ikaenda, anasugua. Mumewe akawa anawaambia watu, "Mke wangu kaolewa na kioo." Tusekile akicheka, anasugua.

Basi ikatangazwa kwamba jua litapatwa, lifunikwe lote mchana kweupe, na giza lenyewe litadumu dakika mbili. Chama kikashangilia, kisha kikanywea. Darubini ile ukiigusa vibaya inayumba, na kuirudisha ilipokuwa ni kazi. Wakakubaliana: giza likiingia, atakayeinama kwenye darubini ni mmoja, awasimulie wenzake.

"Mmoja nani?" wakauliza.

"Siku hiyo itatuambia," akasema Mama Chaula.

Siku ikafika, na ukungu nao ukafika. Kwenye uwanja wa mpira walikokusanyika, hata goli halionekani. Ambakisye, dereva wa pikapu ya maziwa, akapiga honi. "Pandeni! Nimetoka nyuma ya mlima sasa hivi, kule jua linawaka."

Luhekelo, fundi cherehani, akagoma. "Kaka, ukungu huu utaondoka wenyewe. Tukihama, jua litapatwa tukiwa njiani."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakapanda, Luhekelo wa mwisho, ananung'unika.

Muda ulikuwa umekwenda, hivyo Ambakisye akakanyaga mafuta. Kwenye kona yenye matope, pikapu ikateleza, ikazunguka, ikatazama ilikotoka. Sanduku lililobeba kioo cha darubini likaruka nje, maana Tusekile kwa haraka alisahau kulifunga kamba. Luhekelo akaruka nalo! Akalidaka, wakaangukia mtaroni, kioo juu, yeye chini.

"Luhekelo, u mzima?" akapiga ukelele Mama Chaula.

"Fungueni sanduku kwanza!"

Wakafungua. Kioo hakina hata mkwaruzo. Mkono wa Luhekelo ulikuwa umeanza kuvimba kama andazi kwenye mafuta. Wakaufunga kwa kanga, wakaendelea.

Nyuma ya mlima, kweli, jua kali. Wakasimamisha darubini, wakaifunika mdomo kwa kichujio cheusi, wakatazama kwa zamu mwezi ukilimega jua kidogo kidogo. Baridi ikaanza kushuka. Ng'ombe waliokuwa malishoni wakageuka kwenda nyumbani.

"Haya," akasema Mama Chaula, "muda umewadia. Nani anainama?"

Tusekile akasogea. "Mimi, mama. Bila kioo hii si darubini, ni bomba la maji. Vidole hivi viliota sugu kwa ajili ya dakika hizi."

"Dada, kioo chako kingetazama ukungu," akasema Ambakisye. "Nani aliwatoa kule? Wote mlitaka kubaki na chai yenu. Nimeliacha soko la maziwa kwa ajili ya jua hili."

"Ukatuangusha mtaroni, mimi na kioo," akasema Luhekelo. "Tusekile alikitengeneza, sawa, kisha akakiacha bila kamba. Wewe ulikileta, sawa, kisha ukakirusha. Mimi ndiye niliyekidaka. Sijui nitashikaje sindano wiki hii."

"Na nani alituchelewesha mpaka nikakimbiza gari?" akauliza Ambakisye.

Luhekelo akakaza kanga mkononi mwake.

Mwanga ukawa wa kijivu. Kivuli kikaja kinakimbia mabondeni. Jua likafumba jicho. Mama Chaula akavuta kichujio, akanyoosha mkono, akamgusa mmoja wao bega. Yule akainama.

"Ndimi za moto!" akapaza sauti. "Ndimi nyekundu pembeni, jamani, zinacheza!"

Wengine wakainua macho angani, wakaona duara jeusi lenye taji jeupe, wakapiga vigelegele, wakakumbatiana, Mama Chaula akilia na kucheka kwa pamoja. Kisha cheche moja ikachomoza, na mchana ukarudi.

Wakashuka mlima wakiimba. Wawili kati ya wale watatu waliimba pia, lakini kila mmoja aliomba asimuliwe zile ndimi tena na tena. Na hadi leo, Jumamosi kwa Jumamosi, wanachama wanagawanyika juu ya mkono ule wa Mama Chaula.

Jina la aliyeinama nimelimeza makusudi, nisiwaegemeze upande. Semeni nyinyi: Tusekile aliyesugua, Ambakisye aliyewavusha, au Luhekelo aliyedaka? Giza limeingia, dakika ni mbili, na mkono ni wako. Unamgusa nani bega?