Joto Lililopotea Kati ya Nyumba Mbili

Hadithi hii nimeipata kwenye kundi la ukoo wetu, nami sitaki iishie kwangu. Isome, kisha mtumie mtu mmoja unayeishi naye, hasa yule anayependa kusema, "Mimi sina shida yoyote."

Huko Makete, ambako mwezi wa Juni umande hugandia kwenye majani ya viazi na watu wazima hugombea kipande cha jua mbele ya nyumba, aliishi mwanamke aitwaye Lusungu. Mumewe, Obadia, alikuwa dereva wa lori la mbao, mtu mwema sana, ila ukimtaka ni heri umtafute barabarani kuliko nyumbani. Uani kwao palikuwa na nyumba ndogo aliyokaa mama yake Obadia. Zamani ilikuwa stoo ya maua ya pareto. Mama alikataa kuihama akisema nyumba kubwa ina kelele, ingawa humo ndani alikuwamo Lusungu peke yake.

Mwaka huo mama alianza kukohoa kikohozi kibaya. Lusungu naye alikuwa mjamzito, mimba aliyoisubiri mpaka akaacha kuhesabu. Obadia akaona baridi ile haitawafaa wote wawili, akamwita fundi Mahenge.

Mahenge alikuwa fundi bati mwenye maneno mengi na kazi nzuri. Alijenga tanuri la kuni kwenye kibanda cha jiko, akaweka feni ndogo ya kusukuma hewa. Moshi ulikuwa na bomba lake la kwenda juu ya paa. Hewa ya moto ilikuwa na bomba lake la bati, lililogawanyika mara mbili: tawi moja liliingia chumbani kwa Lusungu, jingine lilipita nje chini ya upenu wa jiko na kwenda mpaka kwenye nyumba ya mama. Bomba lote alilivika sufu ya kondoo na magunia, na maungio yake akayaziba vizuri. Kila chumba kilikuwa na tundu la kutolea joto, ambalo fundi aliliita mdomo.

Kazi ilipokwisha, alimweleza Obadia namna ya kulitunza bomba lile. Alimwonyesha pa kufuta vumbi, pa kuziba upya kila kabla ya msimu wa baridi, na jambo la kutofanya hata kwa bahati mbaya. Obadia aliitikia kwa kichwa kila neno, akashukuru, akapanda lori lake akaenda zake. Wanawake waliobaki na bomba hawakuambiwa kitu. Ndivyo tulivyo: atakayelala na kitu si yule anayeelezwa habari zake.

Mwanzoni joto lilikuja vizuri kote. Lakini kikohozi cha mama hakikuondoka, na Lusungu alipomsikia akikohoa alfajiri roho ilimuuma. Akawaza, mimi ni kijana, nina blanketi na damu inachemka. Kama nikiuziba mdomo wa chumbani kwangu, joto lote litaenda kwa mama. Akachukua kipande cha blanketi kuukuu, akakishindilia kwenye tundu mpaka hewa ikakoma. Hakumwambia mtu. Alijua mama angekataa na kuanza hotuba ndefu.

Asubuhi alikwenda kumjulia hali.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka salama, mwanangu. Joto limenijaa mpaka nimetupa shuka."

Lakini Lusungu alipompa kikombe cha uji na vidole vyao vikagusana, vya mama vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kufua mtoni. Lusungu akashangaa. Siku hiyo akaongeza kuni. Kesho yake akaongeza tena. Kuni ziliisha upesi, feni ilinguruma, na mama aliendelea kukohoa huku akisema amejaa joto. Lusungu mwenyewe alilala na masweta na soksi, na chumbani kwake pumzi ilionekana.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Labda ameliharibu bomba kwa kuliziba. Labda huyo mama anayemtunza, yeye ndiye anayemuua. Alitaka kukitoa kile kipande cha blanketi, lakini kila akiinua mkono alijiambia kwamba hata hilo joto dogo linalomfikia mama litapungua. Akakiacha.

Wakati huo akafika wifi yake, Yudita, kutoka Makambako. Yudita alikuwa dada mkubwa wa Obadia, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha na moyo wa huruma, ila sauti ndiyo iliyotangulia daima. Alimwamkia mama yake, akamshika mikono, uso ukabadilika.

"Mama, mbona umeganda hivi?"

"Ni maji tu niliyonawa."

Yudita akamfunika shuka. Alitoka uani, akamkuta Lusungu akipanga kuni.

"Wifi, mumeo wa watu kajitutumua akaleta bomba. Mama yangu anapata joto gani?"

"Wifi, nakoka moto kutwa. Angalia kuni zilivyokwisha."

"Moto naona. Joto ndilo silioni." Yudita akajifunga kitenge upya kiunoni. "Jumamosi naondoka na mama. Akae kwangu, hata kama ni kwenye kochi. Na Obadia nitamweleza mwenyewe kwa nini."

Lusungu akaweka kuni chini. Hakuwa na mama mwingine. Wa kwake alizikwa akiwa bado mdogo. Na alijua vizuri kijiji kitakavyoisimulia safari hiyo: mkwe kamfukuza mama mzaa chema kwa baridi. Akaketi juu ya gogo, machozi yakamtoka bila sauti.

Labda Yudita aliyaona, labda hakuyaona. Alichofanya ni kumpigia simu fundi Mahenge na kumwambia aje sasa hivi, si kesho. Mahenge akaja na pikipiki, ngazi imefungwa nyuma, akiwa ameshaanza kujitetea kabla hajashuka.

"Bomba langu halina neno. Tulipime kwa moshi, moshi hauna upendeleo."

Alichuma majani mabichi, akayawasha ndani ya kopo, akaliweka karibu na feni ili moshi uvutwe ndani ya bomba la joto. "Dada Yudita, kasimame chumbani kwa wifi yako. Wewe mama kijacho, kasimame kwa mama. Moshi ukitoka, semeni."

Lusungu alisimama mlangoni kwa mama mkwe wake. Moshi haukutoka. Kutoka nyumba kubwa nako hakukusikika neno. Kisha ikaja sauti ya Yudita: "Fundi, hebu njoo huku."

Lusungu alijua kilichoonekana. Alipofika chumbani kwake, fundi alikuwa ameshachomoa kile kipande cha blanketi na kukishika kwa ncha za vidole.

"Nani kaweka hiki?" Yudita aliuliza.

"Mimi," Lusungu alisema. "Nilitaka joto lote liende kwa mama."

Yudita alimtazama. Akagusa ukuta, akagusa kitanda, akaona masweta yaliyorundikwa juu ya mto. Baridi ya chumba kile ilikuwa imeshampanda miguuni. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Sasa kama kwako halitoki, na kwa mama haliji, linakwenda wapi?"

Wakaenda wote watatu kwenye nyumba ndogo. Mama alikuwa ameketi kitandani, ameegemea sanduku lake la nguo lililosukumwa mpaka ukutani.

"Mama, samahani, nipishe kidogo nione mdomo wa bomba," fundi alisema.

"Huko ni kuzima, mwanangu, hakujaharibika kitu. Usijisumbue."

"Nitazame tu."

"Nimesema kuzima."

Yudita akamshika mama yake mkono, akamwinua taratibu. Fundi akavuta sanduku. Nyuma yake, mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa kwa vitenge viwili vilivyoviringishwa vikashindiliwa barabara, na juu yake kimewekwa kigoda kuvikandamiza.

Mama akatazama chini kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mimi baridi hii nimezaliwa nayo," alisema. "Yule aliye tumboni hajaizoea. Nilisema nikiziba kwangu, joto lote litamfikia yeye na mama yake. Ningewaambia, mngenikatalia."

Lusungu alipiga magoti pale chini, akaweka kichwa mapajani kwa mama mkwe wake, akalia kwa sauti. Alilia kwa kufarijika, kwa kuwa mzigo aliokuwa amebeba siku zote hizo ulikuwa umeanguka. Mama naye akalia, halafu akacheka, halafu kikohozi kikamkamata katikati ya kicheko. Yudita aligeukia dirisha akajifanya anatazama nje.

Naye kwa kutazama nje ndipo akaona. "Fundi, moshi ule."

Moshi ulikuwa unatoka chini ya upenu wa jiko, pale bomba la mama lilipoungana na lile kubwa. Hewa ya moto ilikuta midomo yote miwili imezibwa, ikasukumana humo ndani mpaka ikaachanisha muungio na kupasua magunia. Chini yake kuku wote wa nyumba ile walikuwa wamelala wamenyoosha mabawa, wanene, wameridhika, na jogoo hata hakujisumbua kuamka walipomkaribia.

"Basi tumekuwa tukiwapashia kuku," Lusungu alisema, na wote wakacheka mpaka fundi akashika ngazi asianguke.

Mahenge alipotulia aliwaambia ukweli. "Jambo moja nililolikataza ni hilo: midomo yote miwili isizibwe kwa wakati mmoja. Nilimwambia Obadia."

"Ukamwambia mtu anayelala kwenye lori," Yudita alisema. "Basi leo tuambie sisi."

Fundi akaeleza upya, na safari hii waliosikiliza ndio waliohusika. Akakaza muungio, akauziba, akaufunika sufu mpya. Yudita ndiye aliyeshika ngazi. Alipokuwa pale chini, bila kumtazama Lusungu, alisema, "Wifi, nilikuhukumu. Nisamehe." Lusungu akamwambia yameisha, na kweli yalikuwa yameisha.

Jumamosi Yudita alirudi Makambako peke yake, na gunia la viazi. Mama alibaki kwenye nyumba yake ndogo. Kabla gari halijaja, mama mkwe na mkwe walisimama uani kumsindikiza, na mama akamwambia Lusungu, "Tuelewane. Kuanzia leo nikiona baridi nitasema. Nawe ukiona baridi useme."

"Sawa, mama."

"Haya, anza."

"Mama, hapa nje naona baridi."

"Hata mimi," mama alisema, na wakaingia ndani.

Funzo: Ukimpenda mtu, usijinyime kwa siri ukidhani unamsaidia, maana huenda naye anajinyima kwa ajili yako. Semeni mnachohitaji, ili wema wenu usipotelee njiani.